Namna ya Kuiua Mashine ya Boti kwa Kusi Moja

Ndani ya boksi la mashine mpya ya boti, chini kabisa, kuna kitabu. Wenye mashine wengi hapa Kilindoni hawajawahi kukiona, kwa sababu boksi likifika tu hugeuzwa banda la kuku. Mimi nilikiona. Nimefundisha miaka mingi, na mwalimu hawezi kuipita karatasi bila kuisoma. Nikakifungua, nikaangukia sura inayoeleza namna ya kuiweka mashine majira ya baridi, wakati maziwa yanapoganda na boti kupandishwa nchi kavu hadi barafu iyeyuke. Nilicheka peke yangu. Hapa Mafia mtu akivaa sweta anaulizwa kama ameshapima malaria. Hiyo barafu itatoka wapi? Nikakifunga kitabu. Kurasa zake baadaye zilifungia korosho, na kwa kazi hiyo zilifaa sana.

Nayataja haya ili ujue kwamba mwongozo huu hautoki kwa mtu wa kusikia. Nimekwisha kuua mashine moja na nusu. Ya kwanza, ya nguvu za farasi 40, ilikufa ikazikwa. Ya pili, ndogo ya 15, fundi aliirudisha kutoka mlangoni pa kaburi, lakini mpaka leo inakohoa kila ikipanda wimbi. Kwa hiyo kama nawe una mashine nyuma ya mashua yako, na kaskazi inaisha, na nia yako ni kwamba mwezi wa kumi isiwake hata kwa dua, umefika kwa mtu wako.

Tuanze na hiyo baridi, maana ndiyo kisingizio chetu kikuu. Ni kweli mashine hizi zimekulia nchi za barafu. Ole Evinrude, Mnorwei aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, alianzisha kampuni yake Milwaukee mwaka 1909, kando ya Ziwa Michigan. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia kwenye ziwa jingine la huko, juani mwezi wa Agosti, kwenda kumletea mchumba wake aiskrimu, na aiskrimu ikafika ikiwa mchuzi. Yamaha, ambazo ndizo utakazoziona zaidi kwenye fukwe zetu, zilianza mwaka 1960. Huko kwao baridi, mtu akisahau maji ndani ya mashine, usiku mmoja unatosha. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma kinachoyashika hupasuka kama chungu. Ndiyo maana watu wa huko wana adabu na mashine zao. Si wema, ni hofu.

Sisi tumepewa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari inabeba kama gramu 35 za chumvi, yaani vijiko sita hivi vya chai, na chumvi haina papara. Barafu ni jambazi: inavunja, inaacha nyufa, kila mtu anaona. Chumvi ni ndugu aliyekuja kukaa wiki mbili. Inaingia kwa heshima, inakaa kimya, na ukija kushtuka imekwisha kula nyumba. Kutoka Aprili hadi Septemba, miezi ambayo kusi inavuma na mashua yako iko juu ya magogo, ina muda wa kutosha kufanya kila ambacho barafu hukifanya kwa usiku mmoja. Uzuri wake ni kwamba muuaji hajulikani. Nje mashine inang'aa. Unabaki huru kumlaumu fundi, kiwanda, au jirani mwenye kijicho.

Sasa kazi yenyewe. Siri ya kuua mashine vizuri iko kwenye safari ya mwisho ya msimu. Huku kwetu msimu unajulikana na kila mtoto: potwe, wale papa wakubwa wasio na ubaya na mtu, huanza kuonekana mbele ya Kilindoni mwezi wa kumi, wakifuata vijidudu na dagaa wachanga, na wageni huwafuata wao. Ikifika Machi potwe wanaadimika, masika inaanza, hoteli nyingine zinafunga milango. Siku hiyo ya mwisho umechoka, mfukoni una hela ya mgeni wa mwisho, na mvua inakunyemelea kutoka upande wa Rufiji. Fanya hivi: ingia pwani, zima, inua mguu wa mashine utoke majini, nenda nyumbani ukale. Kwisha. Hatua hii peke yake imeua mashine nyingi kuliko mwamba wowote.

Mle ndani, bahari iliyokuwa ikizunguka kupoza silinda inabaki kwenye vijinjia vyembamba. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Inashikamana kama ukoko wa sufuria, inaziba njia, inamng'ata aluminiamu kila pahali alipokutana na boliti ya chuma cha pua. Utakuja kuziona boliti hizo siku fundi anapojaribu kuzifungua na zinakatika shingo moja moja, akikutazama kwa kila moja.

Hapa sina budi kukuonya dhidi ya jirani yangu. Huyu bwana ana tabia mbaya. Kila msimu ukiisha anafunga mbao mbili nene ziwe kama mlingoti mfupi, anaipachika mashine juu yake, anaitoa propela, kisha anauzamisha mguu ndani ya pipa la bluu lililojaa maji ya kisima. Maji yafike juu ya lile bamba lililo juu ya propela, tundu za kunyonyea zizame zote. Halafu anaiwasha, gia ikiwa huru, na kuiacha ingurume polepole robo saa nzima huku akitazama ule mchirizi mwembamba unaotoka ubavuni. Mwanzoni mchirizi ni wa vuguvugu na una chumvi, najua kwa sababu nimemwona akiuonja kwa kidole. Mwishoni hauna ladha. Ndipo anapotabasamu. Lita kadhaa za maji ya kisima, yaliyochotwa kwa ndoo, amezinywesha chuma! Watu tunamcheka. Mashine yake ina miaka mingi, na inawaka kwa mvuto wa pili, jambo ambalo sisi tunalieleza kwa kusema kwamba ana dawa.

Ukiona aibu kukaa bila kufanya lolote, kuna njia ya kati, nayo ni nzuri kwa mtu apendaye sifa. Iwashe mashine ikiwa kavu, juu ya mchanga, mbele ya watu. Ivute kamba, iunguze kidogo, iache ipige kelele hadi watoto waje kutazama. Ndani ya mguu kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, mafundi wanakiita impela, na ndicho kinachosukuma maji ya kupoza. Kinalainishwa na hayo hayo maji. Kikizunguka pakavu kinaanza kuungua ndani ya sekunde, na nusu dakika inaweza kukitoa mabawa yote. Hutasikia kitu. Utakuja kujua mwezi wa kumi, katikati ya maji, kwa harufu.

Tukiwa bado kwenye neno sifa, niseme jambo ambalo limenikera miaka mingi. Mashua yangu ilijengwa Jibondo, kisiwa ambacho watu wake wanaijua mbao kama sisi wengine tunavyoujua wali. Kusi ikiingia, chombo hicho kinatunzwa kama bwana harusi. Tunangoja bamvua, tunakipandisha juu kabisa maji yasipofika, tunakiegemeza magogo. Tunakwangua makombe. Tunafukuza wadudu watoboao mbao kwa moshi na moto wa makuti. Fundi anapita na nyundo na pamba akikalafati kila mshono, tok, tok, tok, kutwa nzima, kisha chini kinapakwa deheni ya shahamu na chokaa, na juu kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi mtaa wa pili. Hakuna anayeona hayo ni upuuzi. Babu alifanya, baba alifanya, na asiyefanya anasemwa barazani. Lakini mashine, iliyonunuliwa kwa hela ambayo ingejenga mashua nyingine mbili, inatupwa pembeni na chumvi yake tumboni. Mbao inapata sifa za papa. Mashine inapata sifa za mdomo. “Aa, hii Yamaha bwana, hii haifi!” Kisha tunaondoka.

Basi mbao imeshapata mafuta yake; sasa tuzingatie ya mashine, yaani oili. Mashine nyingi za pwani ni zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli: dumu la lita 20, oili nusu lita kasoro mililita mia, na mashine ikiwa mpya mara mbili yake. Hazina tangi lingine la oili la kulainisha fito na beringi za ndani. Kinachozilainisha ni ule ukungu tu unaopita pamoja na mafuta. Mashine ikilala, ukungu hakuna. Utando wa oili unachuruzika, hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi inaingia kupitia kabureta na bomba la moshi, na kutu inaanza kupanda kwenye beringi kama upele. Kwa hiyo ukitaka ife, iache hivyo hivyo.

Watu wa kitabu wana mchezo wao. Mashine ikiwa bado inanguruma ndani ya pipa, wanachomoa mpira wa mafuta na kuiacha imalize kilichobaki kwenye kabureta. Inapoanza kutapatapa wanapuliza oili ya kuhifadhia kwenye mdomo wa kabureta hadi mashine inabanwa pumzi, inatoa moshi mzito mweupe, mtaa mzima unakohoa, nayo inazimika. Kisha wanafungua plagi, wanatia oili kijiko cha chai katika kila silinda, wanaizungusha kwa mkono mara chache ili oili ijipake, na kurudisha plagi. Ni dakika kumi. Mimi nilipoelezwa nilisema dakika kumi sina, nina shughuli. Miezi mitano iliyofuata nilikaa barazani nikicheza bao.

Petroli nayo ina nafasi yake katika mauaji haya, na hapa ubahili wetu unafanya kazi nusu bure. Nani atamwaga petroli? Bei hiyo? Iache ndani ya tangi, iache ndani ya mpira, iache hasa ndani ya kikombe cha kabureta. Petroli ina sehemu nyepesi na sehemu nzito. Nyepesi zinaruka, maana dumu letu kwa kawaida halina kifuniko bali gunzi la muhindi lililofungwa nailoni. Nzito zinabaki pamoja na oili, zinakauka kuwa utomvu. Tundu la kupitishia mafuta kwenye kabureta ni dogo kuliko jicho la sindano ya kushonea. Halihitaji utomvu mwingi.

Siku kabureta yangu ilipofunguliwa, nilidhani fundi amefungua kopo la asali iliyoharibika. Chini ya kikombe palikuwa na tabaka la kijani kibichi linalovutika, boya limenasa humo kama nzi kwenye sharubati, na harufu yake haikuwa tena ya petroli bali ya rangi ya mlango. Kuzuia yote hayo kulihitaji kulegeza skrubu moja ndogo iliyo chini ya kikombe, kiasi cha kujaza kifuniko cha soda kitoke, na kuikaza tena. Skrubu hiyo niliiona kwa mara ya kwanza siku ile. Ilikuwa bado na rangi ya kiwandani kwenye mkato wake, bisibisi haijawahi kuigusa.

Lakini kama una nafasi ya kufanya uzembe mmoja tu, nakushauri uufanye kwenye geaboksi. Hakuna uzembe wenye faida kubwa kama huo.

Mwaka ule mashine kubwa ilipokufa, fundi alikuja asubuhi. Ni kijana niliyemfundisha darasa la nne, na adabu anayo. “Shikamoo Mwalimu,” akasema, akachuchumaa nyuma ya mashua, akaweka kopo tupu la maziwa ya watoto chini ya mguu wa mashine. Akafungua skrubu ya chini, kisha ya juu ili hewa ipite. Oili nzima ya gia hutoka taratibu, nzito, inajikunja kama asali. Yangu haikutoka hivyo. Kwanza yalidondoka maji matupu, tone, tone, kama bomba la shule. Halafu kikafuata kitu cheupe chenye povu.

Fundi akakitazama kwa muda. Akachovya kidole, akakisugua na gumba, akaninyooshea nione.

“Mwalimu, hii ni chai ya maziwa. Mandazi yako wapi?”

Sikumjibu. Akachomoa pini ya propela, akafungua nati, akaivuta propela ikatoka kwa shida. Nyuma yake, kwenye mhimili, palikuwa na mshipi wa nailoni umejizungusha raundi nyingi na kuyeyuka kwa joto hadi umekuwa pete moja ngumu. Pete hiyo ndiyo iliyoikata sili ya mpira, na sili ikikatika bahari inapata mlango. Akaukata kwa kisu, akanipa mkononi. Niliutambua. Ulikuwa mshipi wangu mwenyewe, ule niliompigia kelele mtoto wa jirani kwamba ameuiba.

Kuitoa propela na kukagua mhimili kungenichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Na oili kwenye gia za mashine ya ukubwa ule haijai hata nusu lita. Ningeimwaga mwezi wa tatu ningeiona chai ikiwa bado changa, sili ingebadilishwa, na maji yasingekaa humo kusi nzima yakizila gia. Badala yake meno yalitoka na rangi ya tofali. Fundi aliyapanga juu ya gunia moja moja, kama mganga wa meno anayemwonyesha mgonjwa alichong'oa.

Kuna namna nyingine ya kuua geaboksi inayowafaa wale wanaojiona ni mafundi. Mwaga oili chafu, sawa, kisha tia mpya kwa kumimina kupitia tundu la juu. Itajaa upesi sana na kufurika, nawe utafurahi kwamba oili imebaki. Imebaki kwa sababu hewa imenaswa chini. Geaboksi iko nusu tupu. Wenye kujua husukuma oili kutoka tundu la chini, polepole, hadi itokeze juu bila mapovu, wanafunga ya juu kwanza, ndipo ya chini. Na vishina vya skrubu hizo wanavibadilishia washa mpya. Wewe rudisha zile zile za zamani. Zimebanwa hadi zimekuwa bapa kama chapati, lakini ni zako.

Zinki nitaipitia haraka. Kile kipande cha kijivu kilichopachikwa karibu na propela, ambacho kila mwaka kinazidi kuwa kibaya, kimewekwa kiliwe na chumvi badala ya mashine. Kipake rangi, kipendeze. Hakitaliwa tena, na kitakachofuata kuliwa unakijua.

Sasa mahali pa kuihifadhi. Hili nalo lina elimu yake, kwa kuwa mashine ya boti huku kwetu haiwezi kuachwa pwani. Ikilala nje, asubuhi utakuta boliti. Inaingizwa nyumbani, na nyumbani maana yake ni chumbani, na chumbani maana yake ni uvunguni. Ili iingie uvunguni sharti ilazwe. Ilaze mara tu baada ya kuitoa majini, kichwa kikiwa chini kuliko mguu, ili maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yatiririke kurudi ndani ya silinda. Ikisimama wima ingejimwaga yenyewe yote kupitia mguuni bila kuombwa, ndiyo maana jirani yangu anaisimamisha kwenye ule mlingoti wake pembeni ya jiko, mnyororo na kufuli juu yake, kama mbuzi wa idi. Halafu ifunge yako kwa nailoni nene, kwa gundi ya karatasi pande zote, isipumue. Mchana joto litautoa unyevu, usiku utarudi kwa matone, na kila siku mashine itaoga bila sabuni. Jirani anaifunika ya kwake kwa khanga kuukuu. Khanga! Hewa inapita tu.

Ukiamua kutoifunika kabisa, kuna nyigu weusi wanaojenga kwa udongo, nao wanatafuta tundu la ukubwa ule ule wa kule ubavuni ambako mchirizi wa maji hutokea. Wataliziba bila gharama. Jirani huziba tundu lile kwa kitambaa kidogo chekundu, ili akikiona mwezi wa kumi akumbuke kukitoa.

Na tangi la petroli? Uvunguni pia, pembeni ya mashine. Hapa naomba niache mzaha kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni na kutulia pale pale watoto wanapolala na kibatari kinapowekwa. Mashine ukiiua ni hasara. Hilo la tangi usilifanye. Tangi likae nje, kivulini, limefungwa, mbali na jiko. Haya, turudi kwenye mauaji.

Mwezi wa kumi unafika. Kusi imelegea, matlai imeingia, bahari ya asubuhi imelala kama mkeka. Mtoto anakuja mbio: potwe wameonekana. Simu inalia: wageni wanne, alfajiri. Unaitoa mashine uvunguni, mnaibeba watu wawili, unaipachika, unaunganisha mpira, unakibana kile kibofu cha kusukumia mafuta, unavuta kamba. Kimya. Unavuta mara kumi. Wageni wamevaa miwani ya kuzamia na wanakutazama kwa upendo. Mara ya ishirini unavua shati. Mara ya thelathini nahodha wako anasema, “Mwalimu, hebu nijaribu mimi,” kwa sauti ya mtu aliyetaka kusema hivyo tangu mara ya tatu. Mara ya arobaini kamba inakatika. Mbele yenu, si mbali, pezi linapasua maji, kubwa, lenye madoa, linapita taratibu kabisa kama ng'ombe anayekwenda malishoni. Wageni wanalinyooshea vidole. Kisha inapita mashua ya jirani ikinguruma. Anawachukua wageni wako, anapunga mkono, na kwa ule uungwana wake unaokera anakuuliza kama unahitaji kuvutwa.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya mdomo. Sema mashine za siku hizi ni bandia. Sema petroli imechanganywa mafuta ya taa. Sema fundi, yule ambaye hujamwita tangu mwaka juzi, ndiye aliyeiharibu mwaka juzi. Mimi niliyasema yote, na nilipoishiwa nikasema kuna mtu amenifanyia kitu. Fundi alikuwa bado amechuchumaa pale na kopo lake la chai ya maziwa. Hakuinua hata uso.

Mwaka huu nimeamua kujaribu upande wa pili, kwa udadisi tu. Mashine ndogo iko wima ukutani nyuma ya jiko, propela nimeitoa, mhimili hauna mshipi, oili ya gia imetoka rangi ya asali na nimemwita mke wangu aje aione. Mbao mbili nene nimeshazifunga. Kilichobaki ni kuiosha, na siwezi kuiosha kwa sababu moja.

Jirani yangu, najua gazeti hili unalisoma. Lile pipa la bluu ulikuja kuliazima kwangu mwaka juzi, mwezi wa tatu, ukasema ni kwa siku mbili. Masika imeshaanza na mashine yangu ina chumvi. Naomba uniletee pipa langu.